Gari kuukuu na baridi ya Njoro: Unachouziwa si kila mara kinachokugomea

Gari la zamani likikataa kuwaka asubuhi hapa Njoro, wa kwanza kushtakiwa ni plagi. Plagi zikibadilishwa na gari likaendelea kugoma, lawama huhamia kwa betri, kutoka betri hadi pampu ya mafuta, na pampu mpya isipoleta nafuu husemwa kwamba kompyuta ya gari imekufa. Kufikia hapo mwenye gari amekwisha kugusa karo ya mtoto, na ndani ya buti mna katoni ya vipuri vilivyong'olewa, vingi vikiwa vizima kabisa.

Uzee wa gari hauna lawama hapo. Hasara hiyo inaletwa na mazoea yetu ya kutibu kabla ya kupima, na mazoea hayo yamekita mizizi pande zote mbili: fundi anabahatisha kwa sababu mteja hajawahi kumlipa kwa kupima, naye mteja halipi kwa sababu hajawahi kuonyeshwa kipimo. Nimeamua kuliandikia jambo hili kwa kirefu kwa kuwa magari yanayozungumziwa hapa ndiyo yanayobeba maziwa, viazi, walimu na wagonjwa katika eneo hili. Likizima gari la namna hiyo kwenye mlima wa Mauche saa mbili usiku, tatizo si la gari tena.

Kwanza mtu aijue Njoro yenyewe. Mji huu uko kilomita zipatazo 20 kutoka jiji la Nakuru, kwenye barabara inayopanda kuelekea Mau Narok, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hiki hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 20. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 inazopanda, kwa hiyo gari lililotoka pwani likiwa na nguvu kamili hufika hapa likiwa limepungukiwa na takriban moja ya tano, hata kama hakuna kilichoharibika. Isitoshe, ifikapo Julai baridi ya alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi hiyo hudhoofisha betri, huifanya oili iwe nzito ndani ya injini, na huzuia petroli isigeuke mvuke upesi. Stata inatakiwa kufanya kazi kubwa zaidi wakati ule ule inapopewa umeme mdogo zaidi. Gari ambalo lingevumilia kasoro ndogo kule Malindi kwa miaka, hapa hutoa siri zake mwezi wa kwanza.

Magari yenyewe tunayafahamu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, lakini haisemi lolote kuhusu litaendeshwa miaka mingapi baada ya kufika. Toyota Corolla ambazo kila mtu huziita 100 na 110, zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1990, bado zinazunguka kati ya Njoro, Egerton na Nakuru kila siku. Kuna Nissan za miaka hiyo hiyo. Kwenye mashamba ya ngano na shayiri zimesalia Land Rover za zamani, pikapu za Datsun na Peugeot 504, gari ambalo wazee wa hapa hulitaja kwa heshima, na wana haki: lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na pikapu zake zimebeba mazao ya nchi hii kwa miongo kadhaa.

Ninaloweza kulieleza kwa karibu ni Toyota 110 ya mwalimu mmoja wa upande wa Lare. Malalamiko yake yalikuwa matatu. Asubuhi stata ilizunguka kwa uzito, tena injini haikuwaka mpaka izungushwe mara kadhaa. Ikishawaka, mngurumo wake ulipanda na kushuka bila mguu kugusa mafuta, mshale ukicheza kati ya mizunguko 1,000 na 1,800 kwa dakika, kama kwamba kuna mtu anakanyaga na kuachia. Na gari likishapata moto, lilizima kila aliposimama kwenye makutano ya barabara kuu, hasa usiku akiwa amewasha taa. Alikuwa amekwisha kubadilisha plagi, betri na pampu ya mafuta.

Fundi aliyelishughulikia gari hilo, mtu wa makamo ambaye gereji yake ni uwanja wa changarawe na banda la mabati, hakufungua boneti mara moja. Alimwuliza mwalimu maswali. Gari linagoma likiwa baridi au likiwa moto? Linagoma baada ya mvua? Baada ya kujaza mafuta? Ukizungusha ufunguo unasikia nini? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote, maana "gari haliwaki" ni jina la magonjwa mawili tofauti. Kuna gari ambalo injini haizunguki, na kuna gari ambalo injini inazunguka vizuri lakini haishiki moto. La kwanza ni la umeme wa betri, nyaya na stata. La pili ni la cheche, mafuta au hewa. Anayenunua plagi kwa gari la aina ya kwanza amezitupa pesa zake.

Alianza na betri. Mita ya umeme, ile ndogo ya bei nafuu ambayo kila fundi wa waya anayo, ilionyesha volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Hiyo ni betri iliyojaa. Akamwambia mwalimu azungushe ufunguo huku akiitazama mita. Betri yenye afya haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi stata inapofanya kazi, na hii haikushuka huko. Basi betri ilikuwa nzima, na ile ya zamani iliyotolewa huenda nayo ilikuwa nzima. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wengi hulipita: aliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na ncha nyingine kwenye chuma cha injini, akaomba ufunguo uzungushwe tena. Kama waya unaounganisha betri na injini ni mzuri, mita hapo inatakiwa kuonyesha karibu sufuri, isizidi nusu volti. Ilionyesha zaidi ya volti moja. Umeme ulikuwa unapotea njiani.

Bolti iliyoshikilia waya huo kwenye injini ilikuwa imekaliwa na kutu na mafuta yaliyogandamana na vumbi, lile vumbi jekundu la barabara za ndani ambalo likilowa hugeuka udongo. Aliifungua, akakwangua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akaikaza upya na kuipaka grisi. Stata ikazunguka kwa kasi ambayo mwalimu alisema hajaisikia tangu alinunue gari. Gharama ya kazi hiyo ni kipande cha msasa.

Hapa niongeze neno kwa wenye Toyota za rika hilo. Ukizungusha ufunguo ukasikia "tak" moja tu, taa za dashibodi zisififie, na ukirudia mara kadhaa siku nyingine gari linawaka, mara nyingi kinachokusumbua ni vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani ya stata, ambavyo huungua na kulika kadiri miaka inavyopita. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake. Huhitaji kununua stata nzima.

Lakini mwendo wa stata haukumaliza ugonjwa wa asubuhi. Injini bado ilihitaji kuzungushwa mno kabla ya kushika moto, na hapo ndipo fundi alipotoa kifaa ambacho ningependa kila mwenye 110 akijue: kipande cha waya kifupi kuliko kidole.

Toyota za wakati ule zina kisanduku kidogo cha plastiki chini ya boneti chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake mna matundu yenye majina. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya, kisha ukawasha swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kumweka kwa mpangilio. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ikiwa ina lalamiko, humweka idadi ya kumi, hutulia kidogo, kisha humweka idadi ya moja moja. Mimweko miwili, kituo, mimweko miwili ni namba 22, yaani kihisi cha joto la maji ya injini. Namba 31 ni kihisi cha mgandamizo wa hewa, 41 ni kihisi cha kanyagio la mafuta, 14 ni mfumo wa cheche. Hakuna mashine iliyonunuliwa, hakuna ada ya kusomewa. Tahadhari ni moja tu: soma majina ya matundu kwa makini kabla ya kuchomeka, kwa sababu kuna tundu la umeme wa betri humo humo, na waya ukiingia pasipofaa unaweza kuchoma fyuzi au kitu cha bei zaidi.

Taa ya mwalimu ilimweka 22.

Mtu wa haraka angekwenda dukani kununua kihisi. Fundi alikichomoa kichwa cha waya kwanza. Ndani mlikuwa na ukungu wa kijani, ule unaoota kwenye shaba iliyolowa. Akakipima kihisi chenyewe: maji yakiwa na joto la nyuzi 20 kinatakiwa kuwa na ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000, na yakifika nyuzi 80 kishuke hadi omu 200 au 400 hivi. Kilikuwa sawa. Mbovu alikuwa kiunganishi. Kihisi kizima kilikuwa kinasema, lakini kompyuta haikusikia.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza tabu zote za asubuhi. Kompyuta ya Toyota ikikosa habari za kihisi hicho haiachi kazi. Huchukua kwamba injini ina joto la nyuzi 80 na kuendelea. Kule Mombasa saa nane mchana dhana hiyo haiumizi sana. Njoro alfajiri ni balaa: injini ina baridi ya nyuzi 9, inahitaji petroli nyingi ili ishike moto, na kompyuta inaipimia petroli ya injini iliyokwisha kuchemka. Unazungusha, unazungusha, haiwaki. Plagi mpya hazingeweza kubadilisha lolote hapo, wala pampu mpya.

Kuhusu pampu, waya ule ule mfupi ungeweza kuiokoa. Katika kisanduku hicho hicho kuna matundu ya FP na +B. Ukiyaunganisha swichi ikiwa imewashwa, pampu ya mafuta hufanya kazi hata injini ikiwa kimya. Ukiweka sikio kwenye tangi utasikia mvumo, na ukiubana kwa vidole mpira unaorudisha mafuta utahisi petroli ikisukuma. Hilo halitoshi kukuambia mgandamizo ni kiasi gani, kwa hiyo mwenye geji aitumie, lakini linatosha kukuzuia kuitupa pampu ambayo ingali hai.

Baada ya kiunganishi kusafishwa, gari liliwaka asubuhi iliyofuata kwa mzunguko mmoja. Bado mngurumo ulikuwa ukipanda na kushuka, ingawa si kwa kiwango cha awali.

Tabia hiyo ya kupanda na kushuka huwachanganya watu wengi, nami naona inafaa ielezwe taratibu. Gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta, mlango mkuu wa hewa huwa umefungwa. Hewa ya kuiwezesha injini izunguke mara 700 au 800 kwa dakika hupita njia ndogo ya pembeni inayosimamiwa na vali. Sasa mpira mmoja wa hewa ukipasuka nyuma ya mlango huo, hewa ambayo haikualikwa huingia. Kwenye injini ya 110 kompyuta hukadiria hewa kwa kupima mgandamizo ndani ya manifoldi, kwa hiyo huihesabu hata hiyo hewa ya wizi na kuipa petroli. Mizunguko inapanda. Ikipanda kupita kiasi huku kanyagio halijaguswa, kompyuta huamini kwamba gari linateremka mlima na dereva ameondoa mguu, basi hukata petroli ili kuokoa mafuta. Mizunguko inaporomoka. Ikiporomoka petroli hurudishwa, na mchezo unaanza upya. Kompyuta inapodhani injini imeshapata moto, huwahi kukata petroli mapema zaidi, ndiyo maana ule ukungu wa kijani ulikuwa ukiuchochea ugonjwa huu wa pili.

Fundi alimimina maji yenye sabuni kidogo kidogo kwenye mipira ya hewa huku injini ikinguruma, mmoja baada ya mwingine, akisikiliza. Alipofika kwenye mpira mnene unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye manifoldi, mlio ulibadilika na povu likanyonywa ndani. Upande wa juu mpira huo ulionekana mzima. Alipoukunja, upande wa chini ulifunua ufa wa urefu wa ukucha. Mafuta ya injini huulainisha mpira wa namna hiyo kwa miaka mpaka ukapasuka mahali ambapo jicho halifiki. Ulibadilishwa, na mshale ukatulia.

Lililobaki, lile la kuzima kwenye makutano, lilikuwa masizi. Vali ile ya njia ya pembeni ilikuwa imejaa kaboni nyeusi na ilikuwa ikikwama. Dereva akiachia mafuta ghafla na taa zikiwa zimewashwa, altaneta huikaba injini, vali inatakiwa ifunguke upesi kuongeza hewa, nayo imekwama. Ilifunguliwa, ikasafishwa kwa dawa ya kabureta na mswaki wa zamani, ikafungwa kwa gaskiti mpya. Gari likapona.

Kwa hiyo gari moja lilikuwa na kasoro nne ndogo, na hakuna hata moja iliyotibiwa na plagi, betri au pampu. Gari la miaka 25 mara nyingi huwa hivyo: si kitu kimoja kikubwa kilichovunjika, bali vitu vidogo vilivyochoka pamoja. Anayetafuta mkosaji mmoja hatampata.

Kuna kasoro ya tano ambayo si ya uzee, ni ya mikono yetu, nami naiandikia kwa uchungu kwa sababu naiona kila mahali katika Bonde la Ufa. Ni kuondolewa kwa thamostati. Fundi hukuambia kwamba kifaa hiki ni cha nchi za theluji, na kwamba Afrika injini inataka kupoa. Njoro maji huchemka kwenye takriban nyuzi 93, si 100, kwa sababu ya kimo. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni kifuniko chake, ambacho hushikilia mgandamizo. Kifuniko kikichoka, na kama ndani mna maji matupu ya kisima yasiyo na dawa ya rejeta, gari hutokota kwenye mlima wa kwanza. Badala ya kununua kifuniko, watu hung'oa thamostati. Kutokota kwaweza kupungua, na injini kuanzia siku hiyo haifikii joto lake. Thamostati ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, bila hiyo injini hubaki ikitembea na joto la vuguvugu, kompyuta hudhani gari limewashwa sasa hivi na kuendelea kuongeza petroli, plagi huwa nyeusi, mafuta huliwa, na mngurumo hukosa utulivu. Gari la mwalimu lilikuwa limeng'olewa yake na mtu mwingine zamani. Ilirudishwa, pamoja na kifuniko kipya.

Magari yenye kabureta yana hesabu yao. Kabureta hupima petroli kwa tundu la ukubwa usiobadilika, haina habari kwamba hewa imekuwa nyepesi. Pikapu iliyowekwa sawa pwani ikipandishwa hadi Njoro hula petroli nyingi kuliko hewa inayopata: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi zenye masizi, mngurumo wa kusuasua. Huo si ugonjwa, ni gari lililohama. Fundi anayejua kazi hulegeza au kukaza skrubu ya mchanganyiko injini ikiwa na moto, na ikibidi huweka tundu dogo zaidi. Kabla ya kugusa kabureta, hata hivyo, na atazame pointi ndani ya distributa. Nafasi yake kwa injini nyingi za namna hiyo ni kama milimita 0.4, na pointi zilizoungua au kondensa iliyochoka huigiza kila dalili ya kabureta mbovu. Wapo wanaofungua kabureta mara tatu kwa kosa la pointi. Msimu wa mvua, kifuniko cha distributa chenye ufa mwembamba kama unywele hunyonya unyevu, cheche hupotelea humo, na gari hukataa kuwaka mpaka jua lichomoze. Kikaushe kwa kitambaa, kichunguze kwenye mwanga.

Injini za kale zaidi zenye kichwa cha chuma zina jambo jingine ambalo vijana wa gereji hawalifahamu. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2006, na mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba imekwisha duniani kote. Hilo ni jema kwa damu na akili za watoto wetu, wala mtu asilijutie. Ila risasi hiyo ilikuwa pia ikivilinda viti vya vali za kutolea moshi. Bila hiyo, kwenye baadhi ya injini hizo viti hulika polepole, nafasi ya vali huisha, vali haifungi sawasawa, na mgandamizo wa silinda hushuka. Gari hilo litasumbua kuwaka na litatetemeka likisimama, na hakuna plagi wala kabureta itakayolisaidia. Geji ya mgandamizo ikiingizwa kwenye tundu la plagi hutoa jawabu kwa dakika chache: silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, pesa zako zinatakiwa kwenye vali.

Na kuna petroli yenyewe. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, lengo likiwa kuondoa faida ya kuyachanganya na petroli na dizeli. Kama gari lako lilikuwa sawa asubuhi na likaanza kukohoa jioni baada ya kujaza tangi, usikimbilie kufungua injini. Weka risiti, na uchukue mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo uyaache yatulie. Maji yakiwemo utayaona chini.

Wengi watasema siku hizi kuna mashine za kusoma kompyuta ya gari, na zipo hata za kuunganisha na simu. Ni vifaa vizuri, navipenda. Lakini mashine husoma lalamiko, haisomi chanzo. Ingesema "kihisi cha joto" kwa gari la mwalimu, na duka lingemwuzia kihisi. Wala haioni bolti yenye kutu, wala mpira uliopasuka upande wa chini, wala thamostati isiyokuwepo.

Njoro ni mahali panapojua thamani ya kupima. Kituo cha utafiti cha KALRO hapa hapa ndipo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia huletwa kujaribiwa dhidi ya kutu ya shina, ile Ug99 iliyogunduliwa kwanza Uganda mwaka 1998. Chuo cha Egerton kimefundisha kilimo tangu kilipoanza kama shule ya shamba mwaka 1939. Hakuna mkulima wa eneo hili mwenye akili timamu anayenyunyizia ngano dawa bila kujua ni ugonjwa gani. Jioni mkulima huyo huyo anampa fundi elfu kadhaa akanunue "kitu chochote kinachoweza kuwa kibaya".

Nimekwisha kusema tatizo ni malipo, nami nalirudia kwa sababu ndilo tunaloweza kulibadilisha. Fundi wa jua kali analipwa kwa kufunga kipuri. Akitumia saa mbili kupima na kugundua kwamba tatizo ni bolti ya kukwangua, mteja humwuliza, "Kwani umefanya nini?" na kumpa mia mbili. Akibahatisha na kufunga pampu, analipwa vizuri, tena huenda ana chake dukani. Tumejenga soko linalomwadhibu anayefikiri. Mafundi wenye vipimo wapo, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya daraja kwa mafundi hata waliojifunzia kazi gerejini. Fundi mwenye cheti hicho anastahili kukionyesha ukutani, na mteja anastahili kukiulizia.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari linalokusumbua, fanya hivi wiki hii. Kabla ya kwenda gerejini andika kwenye karatasi: linagoma likiwa baridi au moto, stata inazunguka au haizunguki, taa zikiwashwa linabadilikaje, lilianza lini na ni nini kilichofanyiwa gari kabla ya hapo. Ukifika, patana na fundi bei ya uchunguzi peke yake, mbali na bei ya kipuri, na umlipe hata akikuambia dawa ni msasa. Akikutajia kipuri, mwulize amepima nini na amepata ngapi. Akikosa namba ya kukupa, usitoe pesa ya kipuri hicho.